Biashara ya Mtandao: Fanya Hesabu Kabla ya Kulipa Ada ya Kujiunga

Mwaliko wa kujiunga na biashara ya mtandao kwa kawaida hauletwi na mtu asiyejulikana. Huletwa na binamu, jirani, mwanachama mwenza katika chama, au mtu anayeabudu mahali pamoja na mwalikwa. Husema kuna mkutano Jumamosi katika hoteli moja mjini, kiingilio ni kidogo, na ni vyema kuja na kitambulisho. Mara nyingi hataji kampuni wala bidhaa. Husema tu kwamba ni nafasi nzuri na kwamba nafasi haingoji mtu.

Mwaliko wa aina hiyo si mgeni kwa wakazi wa kaunti hii. Baadhi ya kampuni zinazotumia mfumo huu zinauza bidhaa halisi zenye wanunuzi halisi. Nyingine ni mipango ya piramidi iliyovishwa nguo za biashara. Shida ni kwamba kwa mtu aliyeketi ukumbini, zote mbili zinafanana: picha za magari na safari za ng'ambo, ushuhuda wa waliofaulu, na fomu ya kujaza kabla ya kuondoka.

Makala haya hayamwambii mkazi ajiunge wala asijiunge. Yanaeleza jinsi biashara hizi zinavyofanya kazi, maswali ya kuuliza, na hesabu ya kufanya kwa kalamu na karatasi kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Jambo hili linahusu kaunti moja kwa moja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la kusimamia haki katika biashara, pamoja na masoko, leseni za biashara na vyama vya ushirika. Nacho Kifungu cha 46 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu anachonunua, haki ya kulindwa kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro za bidhaa au huduma.

MTANDAO WA WATU, SI INTANETI

Jina "biashara ya mtandao" huwachanganya wengi. Mtandao unaosemwa hapa ni wa watu. Kampuni haipeleki bidhaa zake madukani. Inaziuza kupitia wasambazaji wanaojiunga kwa kulipa ada au kununua kifurushi cha kuanzia.

Msambazaji anaweza kupata pesa kwa njia mbili. Ya kwanza ni faida ya kuuza: ananunua kwa bei ya msambazaji, anamuuzia mteja kwa bei ya juu kidogo, na tofauti ni yake. Njia hii haina tofauti kubwa na kazi ya mama mboga au muuza mitumba. Ya pili ni kamisheni: akiwaingiza watu wengine, anapata asilimia fulani ya wanachonunua, na mara nyingi pia ya wanachonunua wale walioingizwa na hao, safu baada ya safu.

Mzozo wote uko katika njia ya pili. Ikiwa kamisheni zinatokana na bidhaa zilizomfikia mteja anayezitaka kwa matumizi yake, biashara ina msingi. Ikiwa zinatokana na ada na ununuzi wa wanaojiunga, ambao nao wananunua ili tu wasipoteze nafasi yao katika mtandao, basi pesa za anayeingia leo ndizo zinazomlipa aliyeingia jana. Hiyo ni piramidi, hata kama kuna katoni za sabuni au chai pembeni.

Kwa hivyo swali la msingi ni moja: pesa zinatoka wapi? Na njia rahisi ya kulijibu ni kuuliza hivi: "Nikiuza bidhaa tu, nisimwingize mtu hata mmoja, nitapata faida?" Jibu likiwa ni hapana, au likizungushwa, mkazi amekwisha kujua anachouziwa. Anauziwa kazi ya kutafuta watu.

KWA NINI WALIO CHINI HUWA WENGI

Katika mikutano ya kuingiza watu, mchoro hupigwa ubaoni. Mtu mmoja anawaingiza watano tu. Kila mmoja wa hao watano anawaingiza watano wake. Hapo wako 25, kisha 125, kisha 625. Mwenye kueleza husimama hapo, huandika kiasi cha kamisheni, na ukumbi hupiga makofi.

Inafaa kuendelea na mchoro huo hadi mwisho. Safu ya tano ina watu 3,125. Ya sita ina 15,625, na ya saba ina 78,125. Safu ya tisa inapita watu milioni 1.9, na ya kumi inapita milioni 9.7. Safu ya 11 inahitaji watu 48,828,125. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, wakiwemo watoto wachanga na wazee wasiotoka nyumbani. Kwa maneno mengine, kabla ya safu ya 11 kujaa, nchi nzima imekwisha.

Kuna jambo jingine katika mchoro huo ambalo halisemwi. Kila mtu akiwaingiza watano, basi wakati wowote karibu watu 80 kati ya kila 100 walio ndani wako katika safu ya mwisho, ambayo haina mtu chini yake. Mtandao ukikua mara kumi au mara elfu, kiwango hicho hakibadiliki. Katika maisha halisi mchoro hauendi kwa unyoofu huo, kwani wengine hawaingizi yeyote na wengine huacha baada ya miezi michache. Lakini hilo haliwasaidii walio chini. Huongeza tu idadi yao.

Hii ndiyo sababu maelezo ya kwamba "aliyeshindwa hakujituma" hayatoshi. Panapotegemewa kuingiza watu, wengi hukosa faida kwa sababu hesabu yenyewe haina nafasi kwa wote. Mtu anaweza kuamka alfajiri kila siku, akahudhuria kila semina, na bado akabaki katika wale 80.

KENYA IMEYAPITIA HAYA

Nchi hii ina kumbukumbu yake ya uchungu. Katikati ya miaka ya 2000, mipango ya piramidi ilienea mijini na vijijini ikiahidi kuzidisha pesa za wanachama kwa muda mfupi. Iliingia kupitia vikundi vya kina mama, makanisa na sehemu za kazi. Ilipoporomoka, watu walikuwa wameuza ng'ombe, wametoa akiba za vyama na wamechukua mikopo. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali mwaka 2009 kuchunguza mipango hiyo kilikadiria kwamba zaidi ya watu 148,000 walipoteza zaidi ya Sh8 bilioni.

Mipango ya wakati huo mingi haikuwa na bidhaa. Ilikusanya pesa na kuahidi pesa. Tangu hapo wananchi wamekuwa waangalifu zaidi, nao waanzilishi wa piramidi wamebadili mavazi. Leo mwaliko unaweza kuja na chai ya mitishamba, mafuta ya ngozi, kozi ya kusoma kwenye simu, au programu inayodaiwa kulipa watu kwa kubofya matangazo. Kuwepo kwa bidhaa si ushahidi wa kutosha. Cha kuangaliwa ni nani anainunua, na kwa nini.

SOMO KUTOKA MAREKANI

Mfumo wa kuuza kwa safu za wasambazaji ulienea duniani kutoka Marekani, na mipango ya malipo inayoonyeshwa ubaoni huku inafuata ile ya huko. Kwa sababu hiyo, maamuzi ya Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, FTC, yanaweza kumsaidia mkazi wa hapa kupima anachoelezwa.

Mwaka 1979 tume hiyo iliamua kwamba kampuni ya Amway haikuwa piramidi, ingawa iliilaumu kwa kupanga bei na kwa kutia chumvi mapato ya wasambazaji. Sababu moja ya uamuzi huo ilikuwa kanuni tatu za kampuni: kununua tena bidhaa kutoka kwa msambazaji anayeacha, kumtaka msambazaji awe ameuza angalau asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kupata bonasi, na kumtaka aonyeshe kwamba ameuzia wateja kumi kila mwezi. Kanuni zote tatu zina lengo moja, yaani bidhaa zisirundikane nyumbani kwa wasambazaji.

Mwaka 2016 kampuni ya Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 ili kumaliza madai ya tume hiyo kwamba iliwapotosha watu kuhusu mapato. Karibu watu 350,000 walitumiwa hundi za fidia. Pia kampuni ililazimika kubadili mfumo wake wa malipo Marekani, ili angalau theluthi mbili ya malipo ya msambazaji yatokane na mauzo kwa wateja yanayoweza kuthibitishwa.

Mwaka 2024 wafanyakazi wa tume hiyo walichapisha ripoti baada ya kusoma taarifa za mapato zilizotolewa na kampuni 70 za aina hii. Katika taarifa hizo, wasambazaji wengi walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka mzima, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi, kabla ya kuondoa gharama zao wenyewe. Katika angalau kampuni 17, wengi wa wasambazaji hawakulipwa chochote. Hizi ni taarifa za kampuni zenyewe, wala si malalamiko ya walioshindwa.

HESABU YA MWEZI MMOJA

Njia bora ya kupima mwaliko ni kuandika hesabu ya mwezi mmoja bila kamisheni yoyote ya kuingiza watu. Chukua mfano huu wa kubuni wa mama mwenye kibanda cha mboga ambaye amealikwa kuuza chai ya mitishamba.

Ada ya kujiunga na mafunzo ni Sh7,000, ambayo hairudishwi. Ili ahesabiwe kuwa "hai" katika mtandao, lazima anunue pakiti kumi kila mwezi kwa Sh1,200 kila moja, jumla Sh12,000. Ameambiwa auze kila pakiti kwa Sh1,600. Faida ya kila pakiti ni Sh400. Akiuza zote kumi, faida ni Sh4,000, na hapo ndipo maelezo ya ukumbini huishia.

Sasa ziongezwe gharama. Nauli ya matatu na bodaboda kwenda kuchukua bidhaa na kuhudhuria mikutano ni Sh1,500 kwa mwezi. Muda wa maongezi na bando ni Sh600. Kiingilio cha semina mbili ni Sh500. Jumla ni Sh2,600. Akiuza pakiti zote kumi kwa bei kamili, kinachobaki ni Sh1,400. Atahitaji miezi mitano ya kuuza kila pakiti ili arudishe tu ile ada ya Sh7,000.

Akiuza pakiti tisa, atakuwa amepokea Sh14,400 na kutumia Sh14,600. Amepata hasara ya Sh200 na pakiti moja imebaki mezani. Akiuza saba, upungufu ni Sh3,400 na pakiti tatu zimebaki. Mwezi ujao lazima anunue nyingine kumi, la sivyo anapoteza nafasi yake.

Halafu kuna saa. Ikiwa kazi hii inamchukua saa kumi kwa wiki, yaani karibu saa 40 kwa mwezi, zile Sh1,400 za mwezi mzuri ni Sh35 kwa saa. Saa hizo zimetoka wapi? Pengine zimetoka kwenye kibanda chake cha mboga, ambacho kilikuwa kikimlipa.

Mwisho kuna soko lenyewe. Kabla ya kuamini kwamba pakiti kumi zitauzika, inafaa apite dukani na sokoni aone chai kama hiyo inauzwa kwa bei gani. Kisha awaulize watu watano ambao si jamaa zake: "Ungenunua hii kwa Sh1,600 kila mwezi?" Jamaa hununua mara ya kwanza kwa kuoneana haya. Biashara huishi kwa mteja anayerudi.

Kila mkazi anaweza kubadilisha tarakimu hizi kulingana na mwaliko aliopewa. Ikiwa hesabu inatoa faida bila kuingiza mtu, hiyo ni biashara ya kufikiriwa. Hasa inaweza kumfaa mtu mwenye duka, saluni au kinyozi ambaye tayari ana wateja wanaoipenda bidhaa hiyo. Ikiwa hesabu inatoa hasara mpaka apatikane mtu wa kuingizwa, basi faida yake italazimika kutoka kwa binamu, jirani na wanachama wenzake.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Maswali haya yaulizwe ana kwa ana, na majibu yatakiwe kwa maandishi:

1. Kati ya kila watu 100 waliojiunga mwaka uliopita, wangapi walipata faida baada ya gharama? Picha ya mtu mmoja aliyenunua gari si jibu la swali hili.

2. Anayenialika mwenyewe amepata kiasi gani kutokana na kuuza, na kiasi gani kutokana na kuingiza watu? Je, anaweza kuonyesha taarifa ya M-Pesa au ya benki ya miezi sita, ikiwa na pesa zilizoingia na zilizotoka?

3. Je, ni lazima kununua kiasi fulani kila mwezi? Nisiponunua nitapoteza nini?

4. Nikitaka kuacha, kampuni itanunua tena bidhaa ambazo sijauza? Kwa asilimia ngapi ya bei, na ndani ya siku ngapi?

5. Ni gharama zipi nyingine zitafuata: semina, vitabu, tovuti, kupanda ngazi?

6. Mkataba uko wapi, na naweza kwenda nao nyumbani nikausome?

7. Pesa zinalipwa kwa nani? Malipo ya kampuni hufanywa kwa namba ya Paybill au Till yenye jina la kampuni hiyo. Akiombwa kutuma kwa namba ya simu ya mtu binafsi, mkazi asitishe.

Swali la sita lina uzito wa pekee. Kampuni yenye nia njema haipotezi chochote mtu akikaa na karatasi siku tatu. Anayesisitiza kwamba nafasi inafungwa leo usiku anajua kwamba kesho mwalikwa atakuwa ameuliza watu.

CHETI CHA USAJILI SI DHAMANA

Katika mikutano mingi, mwelezaji huinua cheti cha usajili na kusema kampuni "imeidhinishwa na serikali". Cheti hicho kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa kwa jina hilo, basi. Hakisemi kwamba biashara yake ina faida, wala hakiipi ruhusa ya kuchukua akiba za watu. Hali kadhalika kibali cha biashara cha kaunti. Ni ruhusa ya kufanya shughuli mahali fulani. Si ushuhuda wa kaunti kwamba kampuni hiyo ni ya kuaminika, na yeyote anayekitumia hivyo anapotosha watu.

Ili kujua zaidi, mkazi anaweza kufanya mambo haya:

Kupitia eCitizen, kwa ada ndogo, anaweza kuomba taarifa ya kampuni kutoka kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS. Taarifa hiyo huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Anayekosa simu nzuri au bando anaweza kuuliza katika Kituo cha Huduma.

Ikiwa kampuni inaahidi faida ya kila mwezi kwa pesa zilizowekwa, hiyo si biashara ya kuuza bidhaa tena. Uwekezaji wa umma husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Benki husimamiwa na Benki Kuu ya Kenya. Vyama vya akiba na mikopo vinavyopokea amana husimamiwa na SASRA. Mashirika haya huchapisha majina ya waliopewa leseni. Jina lisipokuwemo, pesa zisiwekwe.

Kwa bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, mkazi anaweza kuhakikisha kama alama ni ya kweli kwa kutuma herufi SM, alama ya reli (#) na namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwenda 20023. Jibu hueleza bidhaa na mtengenezaji wake. Yasipolingana na kilicho mkononi, kuna tatizo.

BIDHAA ZA AFYA ZINAHITAJI TAHADHARI ZAIDI

Bidhaa nyingi za mfumo huu ni virutubisho na mitishamba. Hapa hasara inaweza kupita pesa. Msambazaji aliyehudhuria semina ya siku mbili anaweza kujikuta akimweleza mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu kwamba chembe zake "zitamponya kabisa". Mgonjwa akiacha dawa alizopewa hospitalini, anaweza kupata kiharusi au kuharibika figo.

Dawa nchini husimamiwa na Bodi ya Famasi na Sumu. Bidhaa inayodaiwa kutibu ugonjwa ni lazima iwe na ushahidi na idhini ya kuitwa dawa. Mkazi anayetumia dawa za kila siku asiache wala asipunguze kipimo bila kuzungumza na daktari au muuguzi wa kituo chake cha afya, hata kama anayempa ushauri ni ndugu anayemtakia mema. Naye msambazaji akumbuke kwamba maneno ya tiba anayoyatamka ni yake. Mambo yakiharibika, kampuni ina njia rahisi ya kusema haikumtuma kusema hivyo.

KUKATAA BILA KUVUNJA UNDUGU

Wengi hulipa si kwa sababu wameshawishika na hesabu. Hulipa kwa sababu anayewaomba ni shemeji au mama wa ubatizo, na kukataa kunaonekana kama kumtakia mabaya. Ni vyema kutenganisha mambo mawili. Anayependa bidhaa anaweza kununua pakiti moja kama mteja, bila kujiunga. Hilo linamuunga mkono jamaa kwa kiasi kinachojulikana. Kujiunga ni jambo jingine, kwani aliyejiunga atatakiwa kesho kuwaendea jamaa wengine kwa maneno yale yale.

Jambo hili ni zito zaidi katika vyama. Mweka hazina au mwenyekiti akijiunga, kuna kishawishi cha kuingiza akiba ya kikundi chote kwa mkupuo. Pesa za chama si za mtu mmoja. Uamuzi kama huo ufanywe katika mkutano wa wanachama, hesabu ya mwezi mmoja ikiwa imesomwa mbele ya wote na kuandikwa katika kumbukumbu. Karo ya shule, pesa za kodi ya nyumba na mikopo ya simu visitumiwe kamwe kulipia ada ya kujiunga. Mkopo una tarehe ya kulipwa, kamisheni haina.

KWA ALIYEKWISHA KULIPA

Aliyejiunga tayari na sasa ana wasiwasi bado ana hatua za kuchukua, na mapema ni bora kuliko baadaye.

Kwanza, asitishe ununuzi wa kila mwezi. Pesa zilizokwisha kutoka hazirudishwi kwa kuongeza nyingine juu yake. Pili, akusanye ushahidi: jumbe za M-Pesa, risiti, mkataba, jumbe za WhatsApp na majina ya waliohutubia mkutano. Tatu, aiandikie kampuni barua ya kutaka kurudisha bidhaa ambazo hazijauzwa na kurudishiwa pesa, akitaja siku ya mwisho ya kujibiwa, na abaki na nakala. Kusambaza ujumbe kwenda 456 husaidia kuomba pesa zilizotumwa kwa namba isiyo sahihi. Si njia ya kurudisha ada iliyolipwa kwa hiari.

Nne, kampuni ikikataa, malalamiko ya mnunuzi yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani Kenya. Dai lisilozidi Sh1 milioni linaweza kufikishwa katika Mahakama ya Madai Madogo pale ilipo. Sheria inataka kesi hizo ziamuliwe ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili. Tano, palipo na udanganyifu wa wazi, kama kampuni iliyotoweka na pesa, taarifa iandikishwe katika kituo cha polisi na namba ya OB ichukuliwe. Kupata pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitatu. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, hupokea habari bila malipo kupitia 0800 722 203.

Sita, na hili ndilo gumu zaidi, awaambie ukweli wale aliowaingiza. Wengi hunyamaza kwa aibu, na kimya hicho ndicho kinachowaruhusu walio juu waendelee kuwaalika wengine mtaa wa pili. Jirani aliyelipa juzi anaweza bado kuwa na bidhaa za kurudisha na siku za kudai. Akiambiwa leo, huenda akaokoa pesa zake.

Mkazi ambaye amepata mwaliko na hana uhakika anaweza kufika katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yake kabla ya siku ya mkutano, akiwa na jina kamili la kampuni, orodha ya bei na karatasi yake ya hesabu ya mwezi mmoja.